Gharama ya Kutojua Shehena Iko Wapi

Mfanyabiashara ambaye mali yake imo safarini hulipa nauli, na juu ya nauli hulipa gharama nyingine isiyoandikwa katika hati yoyote, nayo ni gharama ya kutojua. Madhali hajui shehena itafika lini, hulazimika kujaza bohari akiba ya bidhaa inayofunga rasilimali yake; na madhali hana ushahidi wa mahali mali ilipoharibikia, huingia katika mabishano na mchukuzi, mwenye meli na kampuni ya bima, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kampuni za uchukuzi kufunga katika malori, makasha na maghala yao vyombo vidogo vyenye kuhisi hali ya mambo na kuipeleka habari yake kwa njia ya mtandao.

Njia ya Mombasa hadi Kampala, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,100, inatoa mfano ulio bayana. Bidhaa ziendazo Uganda, Rwanda au Kongo hupita Kenya bila ya kulipiwa ushuru wa Kenya, kwa sharti kwamba zitavuka mpaka. Na kwa kuwa msamaha huo ulifungua mlango wa faida ya haramu, walikuwako waliofungua makasha njiani na kuiuza mali katika masoko ya Kenya, ilhali hati zilidai kuwa imekwisha vuka. Serikali ilijikinga kwa kudai dhamana ya fedha, na kwa kuyapeleka baadhi ya malori kwa msafara chini ya macho ya maofisa wa forodha, hata lori lililokuwa tayari alfajiri likawa halina budi kungoja mengine.

Mwaka 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda ziliunganisha ulinzi wao katika mfumo mmoja. Kasha hufungwa kwa lakiri ya kielektroniki, ambayo hujua mahali ilipo kwa ishara za setilaiti, kisha huituma habari hiyo kwa mtandao wa simu. Lakiri ikikatwa, lori likiacha njia iliyoidhinishwa, au likisimama muda mrefu mahali pasipostahili, tahadhari huwafikia walinzi papo hapo, na kikosi cha doria kilicho karibu hutumwa. Forodha ikapata hifadhi ya ushuru wake, na mwenye lori akapunguziwa kungoja msafara. Na riziki ya mwenye lori, kama ijulikanavyo, imo katika wingi wa safari.

Ziko shehena ambazo adui wake mkubwa ni joto. Parachichi la Kenya lisafirilo kwa bahari hadi Ulaya hukaa wiki kadhaa ndani ya kasha la baridi, na baridi ikilegea tunda huiva kabla ya kufika, likakosa mnunuzi. Mwaka 2017 kampuni ya meli ya Maersk ilianza kuwapa wateja wake habari za joto na hewa ya ndani ya makasha yangali safarini, ili kasoro ijulikane mapema, na mzozo ukizuka pawepo kumbukumbu ya kuamulia.

Hata hivyo, vyombo hivi vina mipaka yake. Mtandao hukatika, betri huisha, na tahadhari isiyo na mtu wa kuiitikia haimzuii mwizi. Fauka ya hayo, dereva anayefuatiliwa kila hatua ana haki ya kuambiwa ni nini kinachoandikwa juu yake, na ya kutetewa kwa kumbukumbu hiyo hiyo pale anaposingiziwa.

Kwa hiyo mwenye kampuni anayeshawishiwa kununua vyombo hivi na ajiulize kwanza ni jambo gani asilolijua ambalo humtia hasara, na ni nani katika watumishi wake atakayechukua hatua siku litakapojulikana. Na akikosa jawabu la maswali hayo mawili, heri fedha yake aitumie kwingine.