Utando wa Matumbo na Maradhi ya Crohn

Aliyewahi kusafisha matumbo ya mbuzi siku ya Idi anaujua ule utando wenye mafuta unaoyashika yasitawanyike. Mwanadamu naye anao, na matabibu huuita mesenteri. Ndani yake hupita mishipa ya damu na ya fahamu iendayo utumboni.

Kwa zaidi ya karne moja vitabu vya utabibu viliueleza kuwa vipande vipande visivyoungana. Mwaka 2016 Profesa J. Calvin Coffey wa Chuo Kikuu cha Limerick, Ireland, na mwenzake waliandika kwamba utando huu ni kitu kimoja kisichokatika, nao wastahili kuhesabiwa kuwa kiungo kamili.

Habari hii inawagusa wenye maradhi ya Crohn, ambayo huuvimbisha utumbo na kuutia vidonda. Madaktari wa upasuaji wameona tangu zamani kwamba palipo na ugonjwa, mafuta ya utando hutambaa na kuufunika utumbo. Je, mafuta hayo ni mlinzi au mchochezi? Utafiti wa mwaka 2020 ulikuta ndani yake bakteria hai waliotoka utumboni. Yamkini huja kuziba pengo mfano wa kiraka, kisha yakaacha makovu yanayoubana utumbo.

Mwaka 2018 Coffey na wenzake walieleza kwamba wagonjwa waliokatwa utando pamoja na utumbo mbovu ni wachache mno waliorudi kupasuliwa. Lakini wagonjwa hao walikuwa kidogo, na majaribio mapana zaidi ya Ulaya hayakuona tofauti miezi sita baada ya upasuaji. Mjadala ungali wazi.

Kwetu sisi akina mama, lililo wazi ni hili: kuharisha kusikokoma kwa majuma, damu katika choo, kukonda, au mtoto asiyekua, si mambo ya kufichwa kwa haya. Kifua kikuu cha utumbo hufanana sana na Crohn, na baadhi ya dawa za Crohn humzidishia madhara mwenye kifua kikuu. Basi vipimo vitangulie dawa. Na Ramadhani ikikaribia, mgonjwa amwone daktari wake mapema, wala asikatishe dawa kwa siri. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua. Tusimwonee haya anayeitumia.