Leseni za Seva: Tuhesabu Viini Kabla ya Kutia Saini

Ndugu askari na polisi, katika ghala la silaha mtunza ghala hahesabiwi pamoja na bunduki. Zinazohesabiwa ni zile alizokabidhiwa. Leseni za programu za kusimamia seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine za ofisi, zafuata desturi iyo hiyo. Tuchukue System Center ya kampuni ya Microsoft: kinacholipiwa ni kila seva inayosimamiwa.

Tangu toleo la 2016 hesabu yake ni ya viini. Kiini ni sehemu ya prosesa ifanyayo kazi ya kukokotoa, na prosesa moja huwa na viini kadhaa. Viini vyote hulipiwa, tena kuna kima cha chini: viini 8 kwa kila prosesa na 16 kwa kila seva, hata kama seva haina viini vingi kiasi hicho.

Hapo ndipo fedha za umma hupotea. Natuseme ofisi moja hapa Ayivu, katika Jiji la Arua, ina seva mbili ndogo, kila moja na prosesa moja yenye viini 8. Mkuu wa ofisi atadhani anadaiwa viini 16, kumbe ni 32! Laiti angalinunua seva moja yenye prosesa mbili za viini 8, angalilipia 16 tu, na leseni ya daraja la Standard ingalimruhusu kusimamia mifumo miwili ndani yake, kana kwamba ni seva mbili. Mwenye mifumo mingi hutazama daraja la Datacenter, lisilo na kikomo ila ni ghali zaidi. (Kweli, seva moja ikiharibika ofisi nzima hulala; hilo nalo lipimwe.)

Muda pia hudanganya. VMware, iliyonunuliwa na Broadcom Novemba 2023, ilitangaza mwezi uliofuata kwamba inaacha kuuza leseni za kudumu. Mteja hulipia kipindi, na kipindi kikiisha hulipa tena. Aliyezoea kununua mara moja sharti abadili makadirio yake.

Kutumia programu bila leseni si ujanja. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inalinda programu za kompyuta, nasi walinzi wa sheria tutaivunjaje ndani ya ofisi zetu wenyewe? Basi kabla ya kuagiza, ofisa ugavi na fundi wafungue daftari la vifaa, waandike idadi ya prosesa na viini vya kila seva, kisha ndipo muuzaji aulizwe bei.