Maji yanang'aa, lakini mbolea bado imo

Ukisimama ufukweni Kisumu siku ambayo upepo umesukuma magugu maji hadi kando, utadhani ziwa limegeuka shamba. Na mbolea linapata kweli: naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani, na pia kutoka vyooni mwetu. Majitaka yanaweza kusafishwa hadi yang'ae, yasinuke, na bado yakabeba sehemu kubwa ya mbolea hiyo, kwa sababu imeyeyuka. Kuitoa ni kazi ya bakteria.

Naitrojeni ndiyo rahisi. Kwenye majitaka huwa zaidi ni amonia, itokanayo hasa na mkojo. Ukipuliza hewa tangini, bakteria fulani wanaigeuza kuwa naitreti. Kwenye tangi lisilo na hewa, bakteria wengine wanaokosa oksijeni wanatumia ile iliyomo ndani ya naitreti. Inabaki gesi ya naitrojeni, ile ile ambayo ni 78% ya hewa unayovuta. Inapanda na viputo, imekwenda zake.

Fosforasi haina njia hiyo, lazima ibebwe. Na wabebaji wake wana tabia ya ajabu. Wanyime oksijeni na naitreti, uwape asidi nyepesi kama ile ya siki: wanaihifadhi mwilini kama akiba, na ili wapate nguvu ya kufanya hivyo, wanatema fosforasi. Yaani maji yanazidi kuharibika! Sasa wapulizie hewa. Wanaichoma ile akiba na kunyonya fosforasi nyingi kuliko waliyotema. Tope la kawaida lina fosforasi karibu 2% ya uzito wake mkavu. La hawa hufika 5% na zaidi. James Barnard aliliona jambo hili Afrika Kusini miaka ya 1970, wakati alikuwa akishughulika na naitrojeni.

Ila tope hilo halingoji. Nikiwa mwaka wa kwanza wa masters niliacha ndoo yake maabara tangu Ijumaa. Jumatatu nikapima maji ya juu: fosforasi tele. Nikalaumu kipimo. Kumbe oksijeni ilikuwa imeisha, bakteria wakatema walichobeba.

Kwa hiyo siku hizi nikitembelea mtambo, siangalii kwanza maji yanayotoka. Nauliza tope linatolewa kila baada ya siku ngapi, na linapelekwa wapi. Likiishia mtaroni, mvua ya kwanza italirudisha ziwani.