Je, Wajua? Zabibu za Dodoma Huvunwa Mara 2 kwa Mwaka

Ukiketi kwenye mgahawa wa hadhi jijini Dodoma, uliza kwanza msimu una nini. Mvua hapa ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na ndipo mlenda mbichi, mboga ya majani yenye utelezi, hujaa sokoni. Kiangazi Wagogo, wenyeji wa hapa, hupika ule uliokaushwa na kutwangwa, ukatiwa karanga zilizosagwa. Tonge la ugali wa uwele likichovywa, mlenda huvutika kama uzi. Mgahawa usioupakua unamnyima mgeni kitu kizuri mno. Zabibu nazo, zilizopandwa kwanza na wamisionari wa Kikatoliki huko Bihawana, huiva mara 2 kwa mwaka, ilhali mizabibu ya Ulaya huzaa mara 1 tu.