Lugha ya Mkahawani: Kukaribisha, Kuagiza na Kuandaliwa

1. Utangulizi

Mkahawani mtu asiyejulikana hukaribishwa kama mgeni, kisha hulipa kama mnunuzi. Hali hizo mbili hazipatani kwa urahisi. Mgeni wa nyumbani hachagui chakula, haulizi bei, wala haamrishi. Mnunuzi huyafanya yote matatu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi Kiswahili kinavyozipatanisha hali hizo kwa sarufi na msamiati wake, na kisha kutazama mikahawa ya kisasa ya mitaa ya Nairobi, ambako sehemu kubwa ya kazi hiyo imekabidhiwa Kiingereza. Hoja itakayotetewa ni kwamba Kiswahili hakikukosa nafasi katika orodha za vyakula za mikahawa hiyo kwa upungufu wa maneno.

2. Mkahawa, hoteli na kibanda

Jina “mkahawa” linahusiana wazi na “kahawa”, neno lenye asili ya Kiarabu. Katika Kiarabu pia jina la mahali pa kunywea kahawa huanza kwa sauti ya m. Lakini mzungumzaji wa Kiswahili hana haja ya kulijua hilo, kwani kwake m- ni kiambishi cha ngeli, na wingi wake ni “mikahawa”. Tanzania umbo “mgahawa” limeenea zaidi.

Katika miji ya mwambao, kama vile Mombasa na Lamu, kahawa haikungoja jengo. Muuzaji huchukua dele lenye makaa chini yake na vikombe vidogo visivyo na mkono, akavigonganisha ili asikike, naye huwafuata wanywaji walipo barazani. Kahawa hiyo ni chungu, na utamu wake hutoka katika tende, halua au kashata iliwayo pamoja nayo. Huduma, basi, ilikuwa inamwendea mtu mahali alipokuwa tayari ana heshima yake.

Neno “hoteli” liliingia baadaye kwa njia ya Kiingereza na kugeuka maana. Katika mazungumzo ya kawaida ya Kenya, hoteli ni mahali pa kula. Asemaye “nilikula hotelini” hafikirii kitanda. Chini yake kuna kibanda, na juu yake, katika miaka ya karibuni, umeketi mkahawa wa kisasa. Mwaka 1999 Java House ilifunguliwa Adams Arcade, Nairobi, na tangu hapo mikahawa ya namna hiyo, yenye viti vya starehe na kahawa ya mashine, imeenea katika vituo vya maduka vya mitaa mingi. Hivi sasa maneno haya matatu hayatofautishi majengo tu. Yanapanga pia walaji kwa daraja, na kila daraja lina lugha yake: kibandani huagizwa kwa Kiswahili, hotelini huchanganywa, na mkahawani husomwa Kiingereza.

3. Kupokelewa

Neno la kwanza la huduma ni “karibu”. Asili yake ni Kiarabu, na si kitenzi. Hata hivyo hupokea -ni ya wingi, “karibuni”, kama kwamba ni amri ya kitenzi cha Kibantu. Nyumbani neno hili ni jibu. Mgeni hupiga hodi, mwenyeji hujibu “karibu”, na pwani aingiaye huweza kuongeza “starehe”, yaani waliokaa wasijisumbue kwa ajili yake. Mkahawani hakuna hodi, kwa sababu mlango ni wa yeyote. “Karibu” imepoteza nusu yake ya kwanza na kuwa neno la kuanzisha. Hutamkwa kabla mtu hajaomba kuingia, na ndiyo maana mlaji hulisikia kuwa la dhati au la mazoea kwa kutegemea lile linalofuata.

Linalofuata ni jina la kuitana. Mhudumu humwita mlaji “mama”, “mzee”, “dada” au “kaka”, na kwa majina hayo ya udugu humrudishia mnunuzi sura ya mgeni. Kwa upande wa pili jambo ni gumu zaidi. Zama za ukoloni mtu mzima aliyehudumu mezani aliitwa “boi”. Kamusi za zamani zina “mwandikaji”, yaani aandikaye meza, na siku hizi jina la kazi ni “mhudumu”, kutokana na “hudumu”. Lakini ni nadra mtu kuita “Mhudumu!” toka meza moja hadi nyingine, huita “dada” au “kaka”, na asiyetaka kuita hivyo hupunga mkono. Ni dalili kwamba Kiswahili hakijakubali kumwita mtu kwa utumishi wake.

4. Kuagiza

Sarufi ya ombi huonekana vizuri katika sentensi hizi nne:

(a) Lete chai.
(b) Niletee chai.
(c) Naomba uniletee chai.
(d) Nisaidie na chai.

Sentensi (a) ni amri tupu. Haimtaji aombaye wala aombwaye. Kilichomo ni tendo na kitu. Ndiyo namna iliyozoeleka katika Kisetla, lugha ya walowezi kwa watumishi wao, na ukali wake kwa masikio ya Wakenya wengi hauwezi kutengwa na historia hiyo.

Katika (b) kauli ya kutendea, “letea”, inafungua nafasi ya mtendewa, na -ni- inaijaza. Mlaji ameingia ndani ya kitenzi. Tendo si la kuleta tu. Ni la kumletea mtu. Katika (c) wote wawili wamo: aombaye yumo katika “naomba”, aombwaye katika u-, kisha aombaye tena katika -ni-, na mwisho wa -e wa hali tegemezi unamwachia aombwaye nafasi ya kuridhia. Yaweza kusemwa kwamba adabu ya ombi katika Kiswahili hupimwa kwa idadi ya watu waliomo katika sentensi. Mhudumu naye hujibu kwa kioo cha umbo hilo hilo: “Nikuletee nini?”

Sentensi (d) husikika sana Nairobi na hulaumiwa na walimu, kwa kuwa “saidia” katika Kiswahili sanifu haifuatwi na “na” kwa maana hiyo. Lawama hiyo ina haki yake kisarufi. Lakini kimatumizi, msemaji wa (d) anafanya lile lile lifanywalo na (c): anajishusha kutoka mwenye kuamuru hadi mwenye kuhitaji. Umbo limepotoka, nia ni ya adabu.

Ushahidi mkubwa wa nguvu ya kauli ya kutendea umo katika jina la kazi litumikalo Tanzania, “mama ntilie”. “Tia” imekuwa “tilia”, ikapewa -ni- na mwisho wa -e: “nitilie”, ambayo imefupishwa. Ombi la mlaji limekuwa jina la mpishi. Ni vigumu kupata mfano bora wa huduma iliyofafanuliwa kwa sauti ya anayehudumiwa.

Ombi likishapokewa, hugeuzwa sura njiani kwenda jikoni. “Naomba uniletee ugali kwa nyama, na mwenzangu vivyo hivyo” huwa “Ugali nyama mbili!” Watu wote wameondoka katika sentensi, na kiunganishi nacho kimeondoka. Namna hii ya kupanga majina mawili bila kiunganishi ni ya kawaida: wali maharagwe, chai mandazi, chipsi kuku. La kuzingatiwa zaidi ni upatanisho wa idadi. Nairobi husikika “maji mbili” kwa maana ya chupa mbili za maji, na mtu angeweza kudhani kwamba “mbili” inapatana na “chupa” iliyofichika, kama inavyopatana na “sahani” katika “ugali nyama mbili”. Lakini kikombe kilichofichika kingedai “chai viwili”, na hakuna asemaye hivyo. Maelezo yafaayo zaidi ni kwamba hapa “mbili” si kivumishi kinachopatana na jina. Ni tarakimu ya kuhesabia, kama katika “moja, mbili, tatu”. Lugha ya jikoni ni lugha ya hesabu. Kwa sababu hiyo si haki kuitumia kama kithibitisho kwamba wahudumu hawajui ngeli.

5. Kuandaliwa

Msamiati wa kuhudumia chakula ni mpana, na kila kitenzi kina mahali pake. Chakula huandaliwa, na kutoka hapo tuna “mwandazi” na “maandazi”. Meza huandikwa, na mgeni huandikiwa. Chakula hupakuliwa kutoka chunguni. “Pakua” ni kinyume cha “pakia”, kwa hiyo lugha inakiona chungu kama chombo kilichobeba shehena. Mgeni hunawishwa, yaani mwingine humshikia birika na kumimina maji. Chakula cha wanga huhitaji kitoweo, na chai huhitaji kitafunio. Vitenzi hivi karibu vyote hupokea mtendewa bila taabu: kuandaliwa, kuandikiwa, kupakuliwa, kunawishwa. Mlaji ndiye kiini cha sentensi hata pale asipotenda lolote.

6. Orodha ya vyakula

Hapa ndipo penye tatizo. Mlaji aingiapo katika mkahawa wa kisasa wa mtaani, aghalabu hukaribishwa kwa neno moja la Kiswahili, kisha hupewa orodha iliyoandikwa kwa Kiingereza tangu jalada hadi bei. Mhudumu huisaidia kwa Kiingereza, halafu hugeuka na kuzungumza Kiswahili na wenzake. Kiswahili kimewekwa nyuma ya mlango wa jikoni.

Utetezi wa kawaida ni kwamba vyakula hivyo havina majina katika Kiswahili. Utetezi huo hausimami. Kuhusu mapishi, kuna kuchemsha, kutokosa, kukaanga, kuoka, kuchoma, kubanika na kuunga, na tofauti baina ya nyama ya kuchoma, ya kuoka na ya kubanika ni wazi. Kuhusu milo, kuna staftahi au kiamsha kinywa, chamcha, chajio na kitindamlo. “Chamcha” na “chajio” zimeundwa kwa kufupisha “chakula cha mchana” na “chakula cha jioni”. “Kitindamlo” kwa ki- na kitenzi pamoja na jina, kama “kiamsha kinywa”. Mwanafunzi wa Kenya hufundishwa maneno haya darasani, lakini ni nadra kuyakuta mahali chakula kinapouzwa. Ama kuhusu majina ya kahawa kama espresso na cappuccino, Kiingereza chenyewe hakikuyatafsiri. Kiliyachukua kutoka Kiitaliano. Kiswahili, ambacho kilichukua “kahawa” yenyewe kutoka Kiarabu, hakina sababu ya kuona haya.

Madhara si ya lugha peke yake. Chukua mfano wa mama aliyepelekwa mkahawani na mwanawe siku ya mshahara. Amewaandalia wageni chakula maisha yake yote, na anakijua Kiswahili cha meza kuliko mhudumu. Orodha ikifika, humkabidhi mwanawe. Mwana husoma vichwa viwili vitatu, mama husema, “Basi mimi chai tu.” Wengi watadhani hana njaa. Asiyekula nguruwe, au adhuriwaye na karanga, naye hutegemea tafsiri ya haraka ya mtu mwingine kuhusu kitakachoingia mwilini mwake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa na huduma. Vifungu hivi viwili havisomwi pamoja mara nyingi. Meza ya mkahawa ni mahali pafaapo kuvisoma hivyo.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Kiswahili kina njia kamili ya kuhudumia: neno la kukaribisha, majina ya kuitana yasiyodhalilisha, kauli ya kutendea imwingizayo mlaji ndani ya kitenzi, na vitenzi vya meza. Kilichokosekana ni matumizi katika maandishi. Idara za Kiswahili zina kazi mbili hapa. Kwanza ni kukusanya msamiati wa jikoni na mezani kutoka kwa wausemao, pwani na bara, kabla haujasahauliwa. Pili ni kuwaandalia wenye mikahawa orodha za lugha mbili zilizo sahihi na fupi. Wahenga husema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Mwenye mkahawa hupona kwa fedha ya mgeni, ni haki basi mgeni huyo ajue alichoandikiwa mezani.