Midomo na Maneno katika Sinema ya Italia

Itazame kwa utulivu Il buono, il brutto, il cattivo, ile kauboi ya Sergio Leone ya mwaka 1966 yenye Clint Eastwood, Lee Van Cleef na Eli Wallach. Midomo ya baadhi ya waigizaji inakwenda huku, maneno yanakwenda kule. Ukichukua nakala ya Kiingereza, wanaopishana na sauti zao ni Waitaliano na Wahispania. Ukichukua ya Kitaliano, ni Wamarekani. Hakuna nakala ambayo midomo yote inaafikiana na maneno. Mbele ya kamera kila mtu alisema lugha yake, na sauti zikaingizwa studio baadaye.

Wako wanaoliona jambo hili kuwa uzembe. Mimi naliona kuwa mlango mzuri kuliko yote wa kuingilia sinema ya Italia, kwa uzuri wake na kwa dhambi zake.

Chanzo chake ni siasa. Enzi za filamu bubu Italia ilishatamba: Cabiria ya Giovanni Pastrone, iliyotoka mwaka 1914, ilipandisha kamera kwenye kigari na kuipitisha polepole kati ya mahekalu ya Carthage ya kubuni, jambo lililowaduwaza watazamaji wa wakati ule. Sauti ilipokuja, serikali ya Mussolini ilipiga marufuku mazungumzo ya lugha za kigeni katika majumba ya sinema, mwaka 1930. Filamu za Marekani zikawa hazina budi kuvishwa Kitaliano, na ufundi huo ukaota mizizi. Alberto Sordi, kabla hajawa nyota, alikuwa sauti ya Oliver Hardy. Sisi tuliokulia kwenye filamu zilizotafsiriwa kwa sauti za Lufufu na DJ Afro tunaijua kazi hiyo kwa namna yetu, ila wao husema juu ya sauti iliyopo. Waitaliano waliiondoa kabisa wakaweka nyingine.

Kisha vikaja vita, na mazoea yale yakageuka kuwa uhuru. Roberto Rossellini alipoanza kupiga Roma città aperta, mapema mwaka 1945, Wajerumani walikuwa wameondoka Roma miezi michache tu nyuma. Studio kubwa za Cinecittà, alizozifungua Mussolini mwaka 1937, hazikuwa za kutumika. Mkanda ulikuwa adimu, umeme wa shida, fedha hakuna. Lakini kwa kuwa sauti ingeingizwa baadaye, hapakuwa na haja ya maikrofoni wala ukimya: kamera iliweza kwenda popote penye mwanga. Ndiyo maana tunamwona Pina, aliyeigizwa na Anna Magnani, akichoropoka mikononi mwa askari na kulikimbilia lori linalomchukua mchumba wake, akiita "Francesco!" kwa mkono ulionyanyuliwa, hadi risasi zinapomlaza katikati ya barabara na mwanawe mdogo kumwangukia. Tukio lenyewe ni fupi sana. Limepigwa mtaani, kwenye barabara ya kweli, na wengi huliona kama habari ya siku ile.

Hapo pana kinaya ninachokipenda. Filamu zilizoitwa za uhalisia mpya, zilizosifiwa kwa kusema kweli tupu, zilisema kweli hiyo kwa sauti zilizotengenezwa chumbani.

Faida nyingine ilikuwa nyuso. Kwa Ladri di biciclette ya mwaka 1948, Vittorio De Sica alimchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani, kwa jinsi anavyotembea na kutazama. Ufasaha wa jukwaani haukuwa sharti. Hadithi ni ya mtu aliyepata kazi ya kubandika mabango, na kazi yenyewe inataka baiskeli. Baiskeli iko rehani. Mkewe anavua shuka kitandani na kwenda kuziweka rehani badala yake, nasi tunamwona karani akipanda na furushi lile juu ya rafu, kuzipita shuka za watu wengine zilizorundikwa hadi karibu na dari. De Sica hasemi neno kuhusu umaskini wa Roma baada ya hapo, hana haja. Siku ya kwanza ya kazi, mtu yule akiwa juu ya ngazi anabandika picha ya Rita Hayworth, baiskeli inaibwa.

Luchino Visconti alijaribu njia ya pili. Mwaka uleule, katika kijiji cha wavuvi cha Aci Trezza huko Sicilia, alipiga La terra trema na kuwaacha wavuvi waseme lahaja yao wenyewe. Waitaliano wa bara hawakuwaelewa, ikabidi msimulizi aongezwe kwa Kitaliano sanifu. Kibiashara ilianguka.

Federico Fellini alikwenda upande wa pili kabisa. Baadhi ya watu wake aliwaambia wahesabu tu namba mbele ya kamera. Maneno yangetafutwa baadaye. Mwaka 1963 Claudia Cardinale, mzaliwa wa Tunis aliyekulia kwenye Kifaransa, alionekana katika filamu mbili kubwa: katika Il gattopardo ya Visconti amepewa sauti ya mwanamke mwingine, na katika 8½ ya Fellini inasikika yake mwenyewe, nzito na ya kukwaruza. Zitazame zote mbili, usiku mmoja ukiweza.

Lakini anayeweka sauti baadaye anaweza pia kuweka uongo. Africa addio ya Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, iliyotoka mwaka 1966, ina picha zilizopigwa kutoka angani juu ya Zanzibar katika siku za Mapinduzi ya Januari 1964, zikiwemo za miili ya watu. Kutoka huko juu hakuna anayesikika. Anayesikika ni msimulizi wa Kitaliano, ambaye ndiye anayemwambia mtazamaji nani kafanya nini, na kwake Afrika yote ni bara lisilojiweza tangu Wazungu waondoke. Picha zile hutajwa hadi leo na wanaobishana kuhusu Mapinduzi, mara nyingi bila kuyapima maneno yaliyobandikwa juu yake.

Tangu hapo Italia imerudi kurekodi sauti palepale. Gomorra ya Matteo Garrone, ya mwaka 2008, inasemwa kwa lahaja ya Napoli, na huko Italia kwenyewe ilionyeshwa na maandishi ya Kitaliano chini. Na Gianfranco Rosi, mzaliwa wa Asmara, alishika kamera na kurekodi sauti mwenyewe kisiwani Lampedusa kwa ajili ya Fuocoammare, iliyoshinda tuzo kuu ya Berlin mwaka 2016. Humo mhamiaji mmoja kutoka Nigeria anaimba safari yake na wenzake, jangwa la Sahara, magereza ya Libya, bahari, huku wao wakimwitikia. Msimulizi hayumo.