Jomvu Kuu: Jina la Jimbo, Hali ya Kijiji

Anayesikia jina la Jomvu siku hizi hukumbuka kwanza malori ya Miritini au nyumba za Mikindani. Wachache hukumbuka kwamba jina hilo ni la mji mkongwe wa Waislamu, kando ya mkono wa bahari wa Tudor penye mikoko, na kwamba Wajomvu wamo katika Tisa Taifa ambao, pamoja na Thelatha Taifa, hukamilisha Thenashara Taifa wa Mombasa.

Hadi mwaka wa 2012 Jomvu ilikuwa chini ya eneo bunge la Changamwe. Katiba ya 2010 ilipoongeza maeneo bunge ya Kenya kutoka 210 hadi 290, Changamwe ilizaa Jomvu, kama Kisauni ilivyozaa Nyali. Jimbo jipya likapewa wadi tatu: Jomvu Kuu, Miritini na Mikindani.

Hesabu ya watu ya 2019 ilikuta watu 163,415 katika kaunti ndogo ya Jomvu. Changamwe, mama yake, ilikuwa na 131,882. Na Mvita, yaani kisiwa chenyewe, 154,171. Mtoto amewapita wakubwa wake. Lakini wingi huo umeletwa zaidi na watu waliofuata kazi za bandari na viwanda. Kijiji cha asili kimelipa jimbo jina, nacho kikabaki sehemu ndogo ya hesabu yake.

Je, hadhi hii ina maana gani kwa mzazi wa kawaida? Ana ngazi mbili za kupanda. Kwa Serikali ya Kitaifa huanza kwa naibu wa chifu, kisha chifu, hadi kamishna wa kaunti. Kwa kaunti yuko msimamizi wa wadi, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaruhusu kila kijiji kuwa na msimamizi wake na baraza la wazee wasiopungua watatu wala kuzidi watano. Anayetafuta kitambulisho huanza kwa chifu; mwenye shida ya taka au zahanati aelekee kaunti.

Idadi nayo si mapambo. Mgao wa fedha za kaunti na mipaka ya maeneo bunge hutazama wingi wa watu. Nyumba isiyohesabiwa hupunguza haki ya jirani zake wote.

Pwani yetu imekwisha kuonja gharama ya kutoandikwa. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908 ilitaka kila mwenye shamba katika ukanda wa pwani alete madai yake. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wengi waliotegemea kumbukumbu za wazee na mipaka ya minazi walijikuta maskwota juu ya makaburi ya babu zao.

Kwa hivyo tunazinasihi familia zetu, za Jomvu Kuu na za vijiji vingine vya bara, zisingoje hesabu ijayo, inayotarajiwa 2029. Waliozaliwa na waliofariki waandikishwe mapema. Wakfu za misikiti na makaburi ziwe na hati, nakala zikiwa kwa zaidi ya mtu mmoja. Vijana wakae na wazee, waandike majina ya mitaa, visima na mipaka. Hiyo ni amana, na amana hurithishwa ikiwa kamili.